Uboreshaji wa tovuti kwa injini za utafutaji

Uboreshaji wa tovuti kwa injini za utafutaji (hujulikana kwa kifupi kama SEO) ni jumla ya kazi zinazofanywa ili kurasa za tovuti zionekane, na zionekane mapema, katika orodha ya matokeo ambayo injini ya utafutaji kama Google au Bing humpa mtu anayeuliza jambo. Kazi hizo ni tofauti na matangazo ya kulipia. Tangazo huonekana kwa sababu mwenye tovuti amelipa, nalo huondoka malipo yakiisha. Nafasi katika matokeo ya kawaida haiuzwi na kampuni ya injini yenyewe.

Kwa tovuti mpya suala hili lina uzito wa pekee. Tovuti mpya haina historia, haijaunganishwa na tovuti nyingine, na mara nyingi injini haijui hata kwamba ipo. Makala hii inaeleza jinsi tovuti ya namna hiyo inavyoweza kupanda katika matokeo. Mifano imetoka Tanzania, hasa kata ya Mwamkulu katika Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi: eneo la kilimo cha mpunga lililo mbali na masoko makubwa kama Dar es Salaam, ambako mkulima asiyejulikana na wanunuzi wa mbali hutegemea bei ya mchuuzi anayefika mlangoni kwake.

## Jinsi injini ya utafutaji inavyofanya kazi

Injini haipekui wavuti yote pale mtu anapouliza swali. Inatafuta ndani ya kumbukumbu iliyokwisha kuiandaa. Kazi yake ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kutambaa. Programu inayoitwa roboti (ya Google huitwa Googlebot, ya Bing huitwa Bingbot) husoma ukurasa, kisha hufuata viungo vilivyomo hadi kurasa nyingine. Ukurasa ambao hakuna kiungo chochote kinachoelekea kwake ni vigumu kugunduliwa.

Hatua ya pili ni kuingiza ukurasa katika faharasa, yaani kumbukumbu kubwa inayoonyesha ni maneno gani yapo katika ukurasa gani. Si kila ukurasa uliosomwa huingizwa. Ukurasa unaorudia maandishi ya ukurasa mwingine, au usio na jambo la maana ndani yake, unaweza kuachwa.

Hatua ya tatu ni kupanga matokeo. Mtu anapouliza, injini huchagua kurasa zinazohusika na kuzipanga kwa kutumia vigezo vingi: maneno yaliyomo, viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa, mahali alipo mtafutaji, lugha yake, na namna ukurasa unavyofanya kazi kwenye simu.

Kwa sababu hiyo tatizo la kwanza la tovuti mpya kwa kawaida si kuwa na nafasi ya chini, bali ni kutokuwamo kabisa katika faharasa. Njia rahisi ya kuchunguza ni kuandika katika Google neno site: likifuatwa na anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Jibu lake si hesabu kamili, lakini kama hakuna ukurasa hata mmoja unaotokea, kuhangaika na maneno ya kurasa hakutasaidia kabla ya kuondoa kizuizi hicho.

## Historia

Programu ya kwanza ya kutafuta mafaili kwenye intaneti iliitwa Archie. Ilitengenezwa mwaka 1990 na Alan Emtage, mwenyeji wa Barbados, alipokuwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. Mwaka 1994 zilianza Yahoo, iliyokuwa orodha ya tovuti iliyopangwa na watu, na WebCrawler, iliyotafuta maneno yote ya ukurasa. AltaVista ilifuata Desemba 1995.

Injini za wakati ule zilitegemea mno maneno yaliyomo katika ukurasa wenyewe. Wenye tovuti waligundua upesi kwamba kurudia neno mara mia, au kuliandika kwa rangi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, kulipandisha ukurasa. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walianzisha kampuni ya Google wakitumia njia iliyoitwa PageRank. Njia hiyo huhesabu kiungo kutoka tovuti nyingine kama aina ya kura, na kura ya tovuti inayoheshimika huwa na uzito zaidi.

Baada ya hapo viungo navyo vikawa bidhaa. Google ilijibu kwa mfululizo wa mabadiliko:

- 2011: badiliko la Panda lilishusha tovuti zenye kurasa nyingi zisizo na maudhui ya maana.
- 2012: badiliko la Penguin lililenga viungo vya kununuliwa na vya kupanga.
- 2014: matumizi ya HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kwa usimbaji, yakawa kigezo kidogo cha upangaji.
- 2015: kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu zilianza kupewa kipaumbele katika utafutaji wa simu.
- 2019: mfumo wa BERT uliisaidia injini kuelewa uhusiano wa maneno katika swali zima.
- 2024: Google ilikaza masharti yake dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kujaza matokeo tu, ziwe zimeandikwa na watu au na mashine.

Kila hila iliyopata umaarufu ilikuja kuzibwa.

### Afrika Mashariki

Hadi mwaka 2009 nchi za Afrika Mashariki zilitegemea hasa setilaiti kwa intaneti. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, nao ulifika Dar es Salaam na Mombasa.

Maudhui ya Kiswahili yalikuwa bado machache. Kati ya 2009 na 2010 Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa kuwa injini haiwezi kumpa mtu jibu la Kiswahili ambalo hakuna aliyeliandika.

Mwaka 2011 Google ilianzisha nchini Kenya mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure. Januari 2012 kampuni ya Mocality, iliyokuwa na orodha ya biashara za Kenya, ilieleza hadharani kwamba watu waliofanya kazi kwa ajili ya mpango huo walikuwa wakitumia orodha yake kuwapigia simu wateja. Google iliomba radhi. Tukio hilo lilionyesha thamani ya taarifa za biashara ndogo zilizokusanywa kwa mkono, mtaa kwa mtaa.

## Kuifanya tovuti mpya ijulikane

Kazi ya kwanza ni ya kiufundi na hufanywa mara moja.

Jina la kikoa. Tovuti ya Tanzania inaweza kutumia jina linaloishia na .tz, kwa mfano .co.tz kwa biashara au .or.tz kwa vikundi na asasi; .go.tz ni ya serikali. Mwisho wa aina hiyo huijulisha injini kwamba tovuti inahusu nchi fulani. Hauipi nafasi ya juu wenyewe, na tovuti yenye .com inaweza kufanya vizuri pia. Jambo muhimu zaidi ni kikoa kisajiliwe kwa jina la mwenye tovuti. Kikiwa kimesajiliwa kwa jina la fundi aliyeitengeneza, fundi akiondoka au akigombana na mteja, jina linaweza kupotea pamoja na sifa yote iliyojengwa.

Vizuizi. Faili la robots.txt huwaambia roboti sehemu zipi wasisome. Agizo la noindex ndani ya ukurasa huwaambia wasiuingize katika faharasa. Mafundi wengi huweka agizo hilo wakati tovuti inajengwa, na husahau kuliondoa inapozinduliwa. Kosa hilo moja linatosha kuificha tovuti nzima.

Ramani ya tovuti. Hili ni faili linaloorodhesha kurasa zote. Mfumo wake ulianzishwa na Google mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft wakaukubali pia. Programu za kutengenezea tovuti kama WordPress hulitengeneza zenyewe.

Usajili kwa injini. Google Search Console na Bing Webmaster Tools ni huduma za bure. Mwenye tovuti huthibitisha kwamba tovuti ni yake, huwasilisha ramani, kisha huona kurasa zipi zimeingizwa, zipi zimekataliwa na kwa sababu gani.

## Maneno ya watafutaji

Baada ya tovuti kuonekana, swali linalofuata ni: ionekane mtu akiandika nini? Hapa lugha ya Kiswahili ina mambo yake.

Mfano wa kubuni ni kikundi cha wakulima wa Mwamkulu kinachotaka kuuza mazao yake kwa wanunuzi wa mbali. Kiingereza hutumia neno moja kwa mmea, kwa nafaka na kwa chakula kilichopikwa. Kiswahili kina maneno matatu: mpunga, mchele na wali. Mkulima hufikiri mpunga, kwa kuwa ndio anaovuna. Mwenye mashine ya kukoboa naye hutafuta mpunga. Mwenye duka la jumla mjini hutafuta mchele. Anayeandika wali kwa kawaida anataka mapishi. Tovuti inayosema "tunauza mpunga bora" katika kila ukurasa inaweza kumkosa mnunuzi wa mchele, hata kama kikundi kinakoboa chenyewe na kina mchele ghalani.

Majina ya mbegu nayo hutofautiana. Mbegu ya mpunga inayojulikana na wakulima wengi wa Tanzania kama SARO 5 huandikwa na watafiti kwa jina la TXD 306. Ukurasa unaoeleza zao hilo unafaa kutaja majina yote mawili mara moja, kwa njia ya kawaida, ili kila mtafutaji aufikie.

Majina ya mahali pia yana utata:

- Mpanda ni mji, lakini pia ni neno la kawaida, kama katika mpanda mlima au mpanda baiskeli. Zaidi ya hapo, Mpanda ni jina la mahali nchini Burundi.
- Katavi ni mkoa ulioundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na pia ni hifadhi ya taifa. Anayeandika jina hilo peke yake anaweza kuwa anatafuta safari ya kuona viboko.
- Rukwa ni mkoa, ziwa na bonde. Habari za Mpanda zilizoandikwa kabla ya 2012 huutaja mkoa huo, si Katavi.

Kwa hiyo ukurasa unaotaja Mwamkulu, Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa pamoja huiondolea injini mashaka.

Kuna pia suala la kupima ugumu wa neno dhidi ya faida yake. Neno "mchele" peke yake hushindaniwa na makampuni, magazeti na taasisi, na tovuti mpya haina nafasi hapo. Maneno "mchele wa Mwamkulu" yanaweza kushikwa haraka, lakini wanaoyaandika ni wale tu wanaoijua Mwamkulu tayari. Sehemu yenye faida iko katikati: maswali marefu yanayoulizwa na mtu mwenye haja halisi, kama "bei ya jumla ya mchele Katavi" au "kusafirisha mchele kutoka Mpanda". Kurasa za Kiswahili zinazojibu maswali ya aina hii kikamilifu ni chache, na tovuti ndogo yenye jibu sahihi inaweza kuzitangulia tovuti kubwa zinazoligusa jambo kwa mbali.

Ili kuyajua maneno ya watu si lazima kulipia huduma. Mapendekezo yanayojitokeza mtu anapoanza kuandika katika kisanduku cha utafutaji huonyesha maswali yanayoulizwa na wengine. Google Trends hulinganisha maneno mawili katika nchi moja. Njia ya karibu zaidi ni kuandika katika daftari, kwa wiki mbili au tatu, kila swali ambalo wateja wameuliza kwa simu au WhatsApp, kwa maneno yao wenyewe. Maswali hayo ndiyo vichwa vya kurasa za kwanza.

Watafutaji wengi wa Afrika Mashariki huchanganya Kiswahili na Kiingereza. Tovuti inayohitaji wateja wa lugha zote mbili hufanya vyema kuwa na kurasa mbili tofauti, zilizounganishwa kwa alama ya hreflang, badala ya ukurasa mmoja wenye mchanganyiko. Google huitambua lugha ya ukurasa kwa maandishi yanayoonekana. Menyu na vitufe vya Kiingereza vilivyobaki kutoka kwenye kiolezo, vikizidi maandishi yenyewe, vinaweza kuichanganya.

## Muundo wa ukurasa

Kila ukurasa una kichwa kinachoonekana katika matokeo ya utafutaji kama kiungo cha kubofya. Kurasa nyingi za tovuti mpya huitwa "Mwanzo" au "Karibu", maneno ambayo hayaelezi chochote. Kichwa kama "Mchele wa Mwamkulu, Mpanda: bei ya jumla na usafirishaji" humwambia mtu na injini kilichomo.

Maelezo mafupi ya ukurasa, yanayoweza kuonekana chini ya kichwa hicho, hayapandishi nafasi moja kwa moja lakini humshawishi mtu kubofya. Orodha ya maneno muhimu iliyokuwa ikifichwa ndani ya ukurasa haina kazi tena: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Kosa la mara kwa mara ni kuweka taarifa zote ndani ya picha. Bango la bei lililotengenezwa kwa ajili ya WhatsApp linapendeza machoni, lakini haifai kutegemea kwamba injini itayasoma maneno yaliyomo. Bei, namba ya simu, uzito wa gunia na mahali pa kuchukulia mzigo viandikwe kama maandishi ya kawaida. Picha nazo zipewe maelezo ya maneno, ambayo pia humsaidia msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma kwa sauti.

Kurasa za tovuti ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe. Ukurasa wa bei uelekeze kwenye ukurasa wa usafirishaji, na maneno ya kiungo yaeleze kinakoelekea. "Gharama za kusafirisha kutoka Mpanda" ni bora kuliko "bofya hapa".

## Simu na kasi

Google ilikamilisha mwaka 2023 utaratibu wa kutumia toleo la simu la kila tovuti kama msingi wa faharasa yake. Jambo linaloonekana kwenye kompyuta lakini limefichwa kwenye simu linaweza lisihesabiwe.

Google hupima pia hali ya msomaji kwa vipimo vitatu. Sehemu kubwa ya ukurasa inapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na maandishi yasirukeruke wakati picha zinapofunguka. Vipimo hivi ni kigezo kidogo kuliko ubora wa jibu lenyewe.

Hata hivyo, mahali ambapo mtandao ni hafifu na bando hununuliwa kwa siku, kasi ina maana zaidi ya nafasi. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti kadhaa. Ikipunguzwa hadi kilobaiti mia moja au mia mbili bado huonekana vizuri. Mnunuzi anayesubiri ukurasa ufunguke hurudi nyuma na kubofya tovuti inayofuata.

## Viungo na sifa

Viungo kutoka tovuti nyingine bado ni kati ya dalili zinazotumiwa kupima uzito wa ukurasa. Kwa tovuti mpya hili ndilo jambo gumu zaidi, kwa kuwa haliko mikononi mwa mwenye tovuti.

Viungo vyenye faida hutokana na uhusiano ambao upo tayari nje ya intaneti. Kikundi cha wakulima kinaweza kutajwa na chama cha ushirika kinachokisimamia, na mwenye mashine ya kukoboa, na mnunuzi wa kudumu, na shirika lililowahi kukipa mafunzo, au na redio ya mkoani iliyotangaza habari zake. Mikoa na halmashauri za Tanzania zina tovuti zao zinazotoa habari za maeneo yao. Kumwomba mhusika aliyekwisha kuandika habari za kikundi aongeze kiungo ni jambo halali, na kiungo kimoja cha namna hiyo kina thamani kuliko mamia kutoka tovuti zisizojulikana.

Wapo wanaojaribu kupandisha tovuti kwa kuweka viungo katika Wikipedia. Jitihada hizo hazina faida: viungo vya nje vya Wikipedia hubeba alama ya nofollow, inayoiambia injini isivihesabu kama kura, na wahariri huondoa viungo vya matangazo.

## Utafutaji wa mahali

Mtu anapotafuta huduma iliyo karibu naye, Google huonyesha ramani yenye biashara chache. Nafasi katika ramani hiyo hutegemea uhusiano wa biashara na swali, umbali kutoka kwa mtafutaji, na umaarufu wa biashara. Mwenye biashara hujisajili bure katika Google Business Profile na kuthibitisha kwamba ipo kweli. Kwa fundi au duka la Mpanda mjini, usajili huu unaweza kuleta wateja mapema kuliko tovuti yenyewe.

Jina, anwani na namba ya simu vinapaswa kufanana kila mahali vinapoonekana. Mwaka 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya Anwani za Makazi iliyotoa majina ya barabara na namba za nyumba nchini. Anwani hiyo ndiyo inayofaa kuandikwa kwa namna moja katika tovuti na kwenye ramani. Kununua maoni ya uongo ya wateja kumekatazwa na kunaweza kufanya usajili ufungwe.

## Mbinu zilizokatazwa na ahadi za uongo

Injini huadhibu tovuti zinazojaribu kuzidanganya. Februari 2006 Google iliondoa katika matokeo tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW, iliyokuwa na kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya roboti tu. Februari 2011 ilishusha tovuti ya maduka ya J. C. Penney ya Marekani, baada ya gazeti la The New York Times kufichua maelfu ya viungo vilivyowekwa kwa malipo. Kampuni kubwa hurudi baada ya kujisafisha. Kikundi kidogo kilichotumia akiba ya msimu mzima kumlipa mtu wa viungo hakina uwezo wa kuanza upya.

Google yenyewe huonya kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Dalili za kutiliwa shaka ni hizi:

- kuahidi nafasi ya kwanza ndani ya siku au wiki chache;
- kudai kuwa na uhusiano wa pekee na Google;
- kukataa kueleza kazi itakayofanywa;
- kuuza viungo kwa idadi, kwa mfano mia tano kwa bei moja;
- kushikilia nenosiri la kikoa au la Search Console bila kumpa mwenye tovuti.

Kuonyesha nafasi ya kwanza kwa jina la tovuti yenyewe si ushahidi wa kazi nzuri, kwa sababu karibu kila tovuti hutokea juu mtu akiandika jina lake kamili.

## Sheria nchini Tanzania

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizofuatiwa na kanuni mpya mwaka 2020, zinawataka watoa huduma za maudhui mtandaoni kama tovuti za habari kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwenye tovuti mpya inayokusudia kuchapisha habari hupaswa kulifuatilia jambo hilo kabla ya kuzindua. Tovuti inayokusanya majina na namba za simu za wateja inaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

## Muda na upimaji

Tovuti mpya haipandi kwa siku moja. Mwaka 2017 Google ilieleza kwamba kwa kawaida kazi ya uboreshaji huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya kuonyesha faida. Mpangilio unaofaa kwa tovuti ndogo ni huu:

1. Wiki ya kwanza: kuhakikisha kikoa kipo kwa jina la mwenye tovuti, kuondoa vizuizi, kuweka HTTPS, kujisajili Search Console na kuwasilisha ramani ya tovuti.
2. Mwezi wa kwanza: kuandika kurasa tano hadi kumi zinazojibu maswali halisi ya wateja, na kujisajili katika ramani.
3. Mwezi wa pili na wa tatu: kuwaomba washirika waliopo kuiunganisha tovuti, na kupunguza uzito wa picha.
4. Baadaye: kusoma ripoti ya maswali katika Search Console kila mwezi na kurekebisha kurasa.

Ripoti hiyo huonyesha ukurasa umeonekana mara ngapi, umebofywa mara ngapi, na kwa maneno gani. Ukurasa unaoonekana sana lakini haubofywi kwa kawaida una kichwa kibaya au haujibu kilichoulizwa. Ukurasa wenye nafasi ya kumi hadi ya ishirini ndio unaofaa kuboreshwa kwanza, kwa kuwa umekwisha kukubaliwa na unahitaji kusogezwa kidogo tu. Kipimo cha mwisho, hata hivyo, hakimo katika ripoti: ni simu ngapi zimepigwa na magunia mangapi yameuzwa kwa mtu aliyefika kwa njia hiyo.

## Mipaka

Utafutaji si njia pekee ya kupata wateja. Biashara nyingi za mazao hufanyika katika makundi ya WhatsApp na Facebook, na mazungumzo ya WhatsApp hayasomwi na injini za utafutaji. Tovuti hufaa kama mahali pa kudumu ambapo mtu asiyekuwamo katika kundi lolote anaweza kufika.

Tangu 2024 Google huonyesha kwa baadhi ya maswali muhtasari ulioandikwa na akili unde juu ya matokeo, na msomaji anaweza kupata jibu bila kufungua ukurasa wowote. Taarifa ambazo hazipatikani kwingine, kama bei ya wiki hii au akiba iliyopo ghalani, bado humlazimu mnunuzi kuwasiliana na mwenyewe.

Taarifa hizo lakini huzeeka. Bei ya mchele hubadilika kati ya mavuno na miezi ya upungufu. Ukurasa uliofika juu ukiwa na bei ya msimu uliopita humleta mnunuzi kwa matarajio yasiyo ya kweli, au humfanya mkulima auze kwa hasara ili kutimiza alichokiandika. Kwa hiyo kila ukurasa wa bei unapaswa kuonyesha tarehe ulipohaririwa, na kuhaririwa pindi bei inapobadilika.

## Tazama pia

- Google
- Intaneti
- Tovuti
- Wikipedia ya Kiswahili
- Mpunga
- Mwamkulu
- Mkoa wa Katavi